Beseni la Kawangware, matairi ya Arusha na ushuru ambao tayari ni sufuri

Uzi mrefu kidogo leo, vumilieni.

Kila msimu wa siasa kuna mheshimiwa atasimama juu ya gari, ainue mtungi wa lita 20 na kusema bei itashuka akiondoa ushuru wa plastiki. Umati unashangilia. Halafu usiku mnakesha hapa mkibishana: huyu anataka soko huria la Afrika nzima, yule anasema soko huria litaua viwanda vyetu. Mimi nasoma sayansi ya siasa, lakini hii hesabu nilianza kuiona nikiwa mdogo, manake mamangu anauza beseni, ndoo na mitungi Kawangware.

Kuna kitu pande zote mbili hazisemi. Plastiki ghafi, zile chembechembe ndogo kama mchele ambazo kiwanda kinayeyusha na kumwaga kwenye kalibu, Kenya haitengenezi. Zinakuja kwa meli hadi Mombasa. Na ushuru wake wa forodha ni sufuri. Sio jana, ni tangu Januari 1, 2005, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza kazi. Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana ngazi tatu kwa vitu vya kutoka nje ya jumuiya: malighafi asilimia 0, bidhaa ambazo hazijakamilika 10, bidhaa kamili 25. Chembechembe za polietilini ziliwekwa ngazi ya kwanza. Kwa hivyo ukiahidiwa ushuru wa forodha wa malighafi ya plastiki utafutwa, jameni, unaahidiwa kitu ulichopewa zamani.

Beseni lenyewe ndilo lililindwa. Likitoka China lipigwe ushuru, likitoka Uganda au Tanzania lisilipe kitu. Na hapa ndipo penye historia, kwa sababu haikuwa rahisi kufika hapo.

Fikiria kiwanda cha beseni Kampala. Kinanunua chembechembe zile zile, kupitia bandari ile ile ya Mombasa, halafu kinazisafirisha zaidi ya kilomita elfu moja barabarani. Kiwanda cha Indaa hapa Nairobi hakifiki hata nusu ya safari hiyo. Sasa ukifuta ushuru kati ya nchi hizi kwa siku moja, Nairobi imeshinda kabla mashine haijawashwa.

Hii hasira ni ya zamani. Kenya na Uganda ziliunganishwa kiforodha na wakoloni mwaka 1917, Tanganyika ikaingizwa baadaye. Viwanda vikarundikana Kenya, walikokuwa walowezi, benki na reli. Reli yenyewe ni hii inayopasua Kibera, ambayo watu wa Laini Saba wanatandika mitumba kando yake. Bidhaa zilikuwa zinapita hapo kwenda Uganda, na Uganda inabaki kununua tu.

Baada ya uhuru wakajaribu kugawana. Makubaliano ya Kampala ya 1964 yalipanga nani atatengeneza nini: matairi yaende Tanzania, baiskeli Uganda, balbu za umeme Kenya. Kenya haikuyaidhinisha. Mwaka 1969 Nairobi ikakubali kiwanda chake cha matairi, huku Tanzania nayo ikijenga cha kwake Arusha. Kumbe mnaweza kukubaliana mezani na bado kila mtu akajenga nyumbani! Mkataba wa 1967 ulikuwa umeleta kodi maalum iliyoruhusu nchi yenye hasara ya biashara kutoza bidhaa za jirani, lakini haikutosha. Mwaka 1977 jumuiya ikafa. Siwezi kusema ni viwanda peke yake, siasa za Kampala na Dar zilichangia sana. Lakini Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983.

Ndio maana waliokaa Arusha na kutia saini itifaki Machi 2, 2004 hawakufuta kila kitu mara moja. Bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bure tangu siku ya kwanza. Bidhaa nyingi za viwanda vyetu ziliendelea kulipa zikienda kwao. Uganda ilianza na asilimia 10, ikapunguza 2 kila mwaka, mpaka Januari 2010 ikawa sufuri. Kuna Wakenya bado wanasema tulionewa. Mimi nadhani ile miaka mitano ndiyo bei tuliyolipa ili tusirudie 1977, na ilikuwa bei nafuu.

Wanaodhani soko huria ni jambo jipya, kumbukeni pia COMESA. Eneo lake huria lilianza Oktoba 2000, Kenya na Misri zikiwa ndani. Misri ina viwanda vya kutengeneza polietilini yenyewe. Sasa sisi ndio Kampala.

Na bei ya mtungi je? Ushuru wa forodha wa malighafi ukiwa sufuri, bado kuna bei ya mafuta duniani, dola, nauli ya meli, ada ya kutangaza mizigo inayoingia, tozo ya reli iliyoanza 2013, na VAT ya asilimia 16. Mheshimiwa akitaka kupunguza kitu, hizo tatu za mwisho ziko mikononi mwa serikali. Sijamsikia akizitaja juu ya gari.

Binamu yangu anakaa Gatwekera, Kibera. Kila asubuhi anatembea hadi Indaa, anasimama kwenye geti la kiwanda cha plastiki kungoja kuitwa kibarua. Siku nyingine anaitwa, nyingine anarudi. Jumapili iliyopita alikuja kwetu kula, tukaanza hii stori. Mamangu akasema yeye anataka beseni la bei ya chini, litoke Misri, litoke mwezini, wateja wake hawaulizi.

Binamu akacheka, akasema, "Anti, hao wateja wako wengine ni sisi wa geti. Tusipoitwa, utamuuzia nani?"

Mamangu alimwongeza ugali, hakujibu.