Kutoka Sekenke hadi Kariakoo, mjadala wa usajili hauishi

KILA msimu wa Ligi Kuu Tanzania Bara unapofikia tamati, huanza ligi nyingine isiyo na refa wala ratiba. Ni ligi ya usajili, ambayo wachezaji wake ni viongozi wa klabu, makocha na mawakala, na waamuzi wake ni mashabiki.

Mjadala huo hauko Dar es Salaam pekee. Unafika hadi Sekenke, wilayani Iramba katika Mkoa wa Singida, mahali ambapo barabara kuu ya kwenda Nzega huteremka mlima kuelekea mbuga ya Wembere.

Sekenke inafahamika zaidi kwa dhahabu. Mgodi wake ulianza kazi mwaka 1909, enzi za Wajerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika kutengenezea sarafu zilizopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wachimbaji wadogo bado wanaitafuta riziki katika eneo hilo.

Anayegharimia duara kwa miezi kadhaa kabla ya kuliona jiwe lenye dhahabu anaielewa vyema hali ya kiongozi wa klabu wakati wa usajili. Wote wawili hutoa fedha leo kwa ajili ya kitu ambacho thamani yake itajulikana kesho. Tofauti ni kwamba mwenye duara hupoteza fedha zake mwenyewe, ilhali kiongozi wa klabu akikosea, wanaoumia ni maelfu ya watu ambao hawakuulizwa.

Madirisha mawili

Usajili hufanyika katika vipindi viwili. Dirisha kubwa hufunguliwa katikati ya mwaka, baada ya msimu kumalizika, na dirisha dogo hufunguliwa msimu ukiwa katikati, mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa mwaka unaofuata.

Mchezaji huhama kwa njia kuu tatu. Anaweza kununuliwa akiwa bado na mkataba, ambapo klabu yake hulipwa ada ya uhamisho. Anaweza kuondoka akiwa huru baada ya mkataba kwisha. Aidha, anaweza kutolewa kwa mkopo kisha akarejea.

Kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, humruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 au chini ya hapo kuzungumza na klabu nyingine. Kipengele hicho ndicho chanzo cha presha nyingi. Klabu inayochelewa kumwongezea mkataba mchezaji wake muhimu hujikuta ikimpoteza bila kupata hata shilingi.

Hapa nchini kuna hesabu nyingine, ile ya wachezaji wa kigeni. Idadi yao kwa kila klabu ya Ligi Kuu imekuwa ikipandishwa kwa awamu, kutoka 5 hadi 7, kisha 10 na baadaye 12. Kila nafasi ya mgeni ina thamani kubwa, na anayesajiliwa kisha akakaa benchi huhesabika kuwa hasara mara mbili.

Nani huamua?

Katika klabu nyingi za Ulaya na Marekani yupo mtu mmoja anayebeba dhamana ya kikosi. Marekani humwita meneja mkuu, na Ulaya wengi humwita mkurugenzi wa michezo. Huyo ndiye husifiwa timu ikifanikiwa na ndiye hutimuliwa ikianguka.

Kwa Tanzania, jukumu hilo kwa muda mrefu limegawanywa. Kocha hutoa ripoti yake, kamati huipitia, viongozi wa juu huidhinisha na mfadhili hutoa fedha. Matokeo yake ni kwamba usajili ukifanikiwa kila mmoja hudai ni wake, na ukishindikana hakuna anayejitokeza kuubeba mzigo.

Mfano wa karibu wa kiongozi aliyetambulika kwa usajili ni Mhandisi Hersi Said wa Yanga. Alianza kujulikana akiwa upande wa wadhamini, kampuni ya GSM, kabla ya kuchaguliwa kuwa rais wa klabu Julai 2022. Fiston Mayele aliyetua Jangwani mwaka 2021 akitokea AS Vita alifunga mabao 17 katika ligi ya msimu wa 2022/23, msimu ambao Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kisha aliuzwa kwa Pyramids ya Misri.

Upande wa Msimbazi, Simba ilikisuka upya kikosi chake mwaka 2024 baada ya kuukosa ubingwa kwa misimu mitatu mfululizo. Mmoja wa walioletwa, Jean Charles Ahoua, alimaliza msimu wa 2024/25 akiwa mfungaji bora kwa mabao 16, na Simba ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hata hivyo, taji la ligi lilikwenda Yanga kwa mara ya nne mfululizo.

Hapo ndipo mashabiki hugawanyika. Wapo wanaosema usajili huo ulifaulu kwa kuwa ulijenga timu changa iliyofika mbali. Wengine hujibu kwamba shabiki wa Simba hahesabu fainali, anahesabu makombe.

Somo la Thabeet

Nchini Marekani mjadala wa namna hii huwa mkali zaidi, kwa sababu huko wachezaji chipukizi hawanunuliwi huria. Ligi ya kandanda ya nchi hiyo, NFL, ilianzisha mwaka 1936 utaratibu wa timu kuchagua chipukizi kwa zamu, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliotangulia huchagua kwanza. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo.

Tanzania ina kumbukumbu yake katika utaratibu kama huo, kwenye mpira wa kikapu. Juni 2009, Hasheem Thabeet, kijana mrefu aliyezaliwa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika uteuzi wa NBA. Meneja mkuu wa timu hiyo alikuwa Chris Wallace.

Aliyechaguliwa wa tatu alikuwa James Harden, na wa saba alikuwa Stephen Curry. Harden alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018, naye Curry ametwaa ubingwa mara nne akiwa na Golden State Warriors. Thabeet aliondoka Memphis Februari 2011, kabla hata ya kumaliza msimu wake wa pili.

Kwa miaka mingi uamuzi huo umetajwa Marekani miongoni mwa makosa makubwa ya uteuzi. Hata hivyo, ukweli kamili una upande mwingine. Timu zilizompita Curry zilikuwa zaidi ya moja, na Minnesota Timberwolves ilimpita mara mbili, katika nafasi ya tano na ya sita. Thabeet naye alitoka Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa na sifa kubwa ya kuzuia mipira.

Funzo lake ni kwamba uamuzi na matokeo ni vitu viwili. Kiongozi anapaswa kupimwa kwa yale aliyokuwa na uwezo wa kuyajua siku alipotia saini, si kwa yale ambayo kila mtu ameyajua miaka mitano baadaye.

Singida: majina mengi, mji mmoja

Kwa mashabiki wa Singida, swali la usajili limekuwa zito kuliko la mchezaji gani aje au aondoke. Limekuwa swali la timu ipi ni yao.

Singida United ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2017/18 kwa kishindo, ikiwa na kocha Mholanzi Hans van der Pluijm aliyewahi kuinoa Yanga, na wachezaji wa kigeni kama Danny Usengimana wa Rwanda na Tafadzwa Kutinyu wa Zimbabwe. Juni 2018 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam jijini Arusha na kufungwa mabao 3-2 na Mtibwa Sugar. Miaka miwili baadaye, ilishuka daraja.

Mwaka 2022 timu ya DTB iliyopanda daraja ilihamia Singida na kuitwa Singida Big Stars. Ilimsajili Meddie Kagere, mfungaji bora wa ligi mara mbili akiwa Simba, pamoja na Wabrazili akiwamo Bruno Gomes. Ilimaliza msimu katika nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2023 jina lilibadilika tena, ikawa Singida Fountain Gate.

Kisha likaja dirisha dogo la msimu wa 2023/24. Kundi la wachezaji muhimu, wakiwamo Marouf Tchakei, Duke Abuya na Elvis Rupia, liliondoka katikati ya msimu na kujiunga na Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, timu iliyokuwa ikishiriki ligi hiyo hiyo. Mwaka 2024 Ihefu nayo ikahamia Singida na kuwa Singida Black Stars, ilhali Fountain Gate ikaelekea Babati, mkoani Manyara.

Hoja za pande mbili zina uzito. Wanaounga mkono husema Singida ilibaki na timu imara, yenye fedha na malengo. Wanaopinga huuliza ushindani una maana gani ikiwa uti wa mgongo wa kikosi unaweza kuhamia kwa mpinzani ligi ikiendelea.

Watu wa Mbarali nao wana swali lao. Ihefu ndiyo iliyoifunga Yanga 2-1 Novemba 2022 na kukatisha rekodi ya michezo 49 ya ligi bila kupoteza. Historia hiyo iliandikwa kwao, lakini timu iliyoiandika haipo tena. Kilichokuwa faida kwa Singida kilikuwa msiba wa soka kwa Mbarali.

Kombe lilipokuja

Katika msimu wa 2024/25, Singida Black Stars ilimaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB, ilikofungwa 2-0 na Yanga visiwani Zanzibar. Mshambuliaji Jonathan Sowah wa Ghana, aliyesajiliwa dirisha dogo, alifunga kwa kasi kiasi kwamba Simba ilimchukua katikati ya 2025.

Badala yake klabu iliwaleta Clatous Chama na Khalid Aucho, wote wakitokea Yanga, chini ya kocha Miguel Gamondi, ambaye naye aliwahi kuinoa Yanga. Baadhi ya mashabiki walihofia kwamba klabu ilikuwa inauza nguvu za ujana na kununua uzoefu uliokwishatumika.

Septemba 2025 timu hiyo ilitwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan 2-1, na baadaye ikafuzu hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa muda, uzoefu ulishinda mjadala. Hata hivyo, kombe moja halijibu swali la nani atakuwa uwanjani baada ya miaka mitatu, wala la kijana wa Iramba atapata lini nafasi.

Usajili usioisha uwanjani

Yapo maamuzi ambayo hukumu yake haitolewi na mabao. Januari 2013 Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000 za Marekani, lakini malipo yakawa kitendawili cha muda mrefu. Kabla mwaka haujaisha, Okwi alikuwa amesajiliwa na Yanga. Mwaka 2014 alirejea Simba, na aliporudi tena mwaka 2017 alifunga mabao 20 na kuipa ubingwa.

Agosti 2020 Bernard Morrison alivuka kutoka Yanga kwenda Simba, na shauri la mkataba wake likafika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ambako Yanga ilishindwa mwaka 2021. Mwaka uliofuata, Morrison alirudi Yanga.

Sakata la Feisal Salum lilianza Desemba 2022 alipotaka kuvunja mkataba wake na Yanga. Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, kupitia kamati yake, liliamua Januari 2023 kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano uliendelea hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoitaka Yanga kulimaliza jambo hilo, na Juni 2023 mchezaji huyo akauzwa Azam FC.

Matukio hayo matatu yanaonesha kwamba usajili bora huanzia kwenye karatasi. Mkataba wenye mwanya hugharimu kuliko mshambuliaji asiyefunga.

Maswali ya kuuliza

Mashabiki wanaotaka kumpima kiongozi wao kwa haki wanaweza kuanza na maswali machache. Je, mchezaji alisajiliwa kuziba pengo lililojulikana, au kwa sababu mpinzani alikuwa akimtaka? Je, kocha aliyemwomba bado yupo? Mkataba ni wa muda gani, na ada yake imelipwa yote? Akiondoka, klabu itabaki na nini?

Katika Simba na Yanga, maswali hayo yana mahali pa kuulizwa. Klabu hizo zina wanachama na mikutano mikuu, na katika mfumo wa mabadiliko uliotakiwa na Serikali wanachama hubaki na asilimia 51 ya hisa huku wawekezaji wakiwa na asilimia 49.

Shabiki wa timu inayoweza kubadili jina na makao kwa uamuzi wa wamiliki hana kura ya namna hiyo. Alichonacho ni tiketi anayonunua na sauti anayopaza. Ndiyo maana mabishano ya usajili, yawe Kariakoo au chini ya mlima Sekenke, si kelele za watu wasio na kazi. Kwa wengi, hicho ndicho kikao pekee cha klabu wanachoruhusiwa kuhudhuria.