Kamba wa Maji Baridi: Historia ya Istilahi Yenye Upungufu

Msemaji wa Kiswahili wa pwani hahitaji kufundishwa majina ya kamba. Wale wadogo kabisa, wanaokaushwa juani, huwaita uduvi. Wakubwa wa baharini ni kambamiti. Na yule wa miambani mwenye gamba gumu ni kambakoche. Majina haya yalizaliwa na uvuvi na mapishi, na kwa kazi hizo yanatosha. Taabu huanza pale mtaalamu au ofisa anapotaka kuwataja kamba waishio mitoni na maziwani, akaandika "kamba wa maji baridi" na kudhani amemaliza.

Taabu hii si yetu peke yetu. Mwaka 1967, mwaka ule ule Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilifanya mkutano mjini Mexico City juu ya viumbe hawa. Kiingereza kilikuwa na maneno mawili yaliyotumiwa ovyo. Ikaafikiwa kuwa moja liwe la kamba wa baharini, na la pili la kamba wa maji baridi. Hata hivyo, mwaka 1980 mtaalamu wa Kiholanzi, L. B. Holthuis, katika orodha aliyoliandalia Shirika hilo hilo, alionyesha kuwa maneno hayo hayalingani na makundi ya kisayansi.

Kwetu pia mgawanyo wa maji hautoshi. Uduvi wa Ziwa Viktoria, Caridina nilotica, humaliza maisha yao yote ziwani. Na Ziwa Tanganyika lina aina zake zisizopatikana penginepo. Lakini kamba wa jamii ya Macrobrachium, waliomo katika mito ya pwani ya Afrika Mashariki, wana desturi nyingine. Jike hubeba mayai chini ya tumbo. Watoto hawana budi kukulia katika maji yenye chumvi kiasi, kisha hupanda mto. Kambamiti hufanya kinyume: hutaga baharini, na watoto wake hukulia mikokoni. Jambo hili la Macrobrachium lilibainishwa na S. W. Ling huko Penang, Malaysia, mwaka 1961. Kabla ya hapo watoto waliofugwa katika maji matupu ya mto walikufa.

Tutazame Dar es Salaam. Huko Temeke, mito ya Kizinga na Mzinga huingia katika hori yenye mikoko; upande wa Kinondoni, Mto Mpiji hufika baharini. Hapo ndipo maji mawili yanapokutana. Ofisa aliyesoma "wa maji baridi" ataruhusu kizuizi kati ya mto na hori bila wasiwasi. Mfugaji naye atachimba bwawa, atie kamba wenye mayai, angoje watoto wasiokuja. Tena neno "baridi" laweza kumpotosha adhani kuwa kamba hao hupenda ubaridi, hali wanataka maji yenye joto.

Kwa hiyo twapendekeza "kamba-mto" kwa jamii ya Macrobrachium, na "uduvi wa ziwani" kwa wale wadogo wa maziwa. "Maji baridi" yabaki kutaja maji yenyewe. Mfasiri anayekuta istilahi hii na aulize kwanza: mnyama huyu anazaliwa wapi, na anakulia wapi?