Nyuki wa msituni hufuata mvungu na maua

NYUKI wa asali anayeishi msituni bila kufugwa hahitaji mengi. Hutaka mvungu mkavu wa kujengea masega, maji ya karibu na maua yanayopokezana kwa muda mrefu wa mwaka. Haja hizo tatu ndizo huamua msitu atakaokaa na ule atakaouhama.

Nyuki hao nchini Kenya ni wa spishi moja, Apis mellifera, ila hutofautiana kulingana na mazingira. Misitu ya Mlima Kenya, Elgon na Aberdare ina monticola, nyuki mweusi, mkubwa kiasi na mpole. Kwenye nyika ametapakaa scutellata, mwenye mistari ya manjano na mwepesi wa hasira. Pwani yuko litorea, aliye mdogo zaidi. Maeneo yao yanapokutana, nyuki hao huzaliana na kuchanganyika.

Makao

Nyuki wa nyika hukubali hata kichuguu kilichohamwa, ufa wa mwamba au shimo ardhini. Yule wa nyanda za juu hufaidika sana na mvungu wa mti mzee, kwani ubao mnene huzuia baridi. Majana huhitaji joto la takriban nyuzi 35 za Selsiasi hata usiku wa baridi kali.

Waogiek wa msitu wa Mau huigiza mvungu huo kwa mizinga ya magogo, hasa ya mtarakwa, mti ambao hauozi upesi, kisha huitundika juu mitini.

Chakula

Mbochi humpa nyuki nguvu, nayo chavua hulisha majana. Vyote viwili hupatikana kwa wingi kwenye miti ya kiasili kama vile Dombeya, Croton na jamii ya mizambarau, pamoja na vichaka vya Vernonia vinavyoota kandokando ya msitu. Chini ya miti mirefu huota pia Mimulopsis, kichaka kinachokaa miaka kadhaa bila ua, kisha huchanua chote kwa pamoja na kufa.

Kwa kuwa kila mmea una msimu wake, msitu wenye mimea mingi tofauti hupunguza majira ya njaa. Maua yakiadimika, kundi zima huweza kuacha masega na kuhamia kwingine.

Hatari

Hapa ndipo uteuzi wa miti ya kupandwa unapokuwa suala zito. Misaiprasi na misonobari huchavushwa kwa upepo na haina mbochi. Majani chai nayo huchumwa mara kwa mara, hivyo ni nadra kuchanua. Mandhari yaweza kuwa ya kijani kibichi kote, lakini nyuki akakosa cha kula.

Mwaka 2022 serikali ilitangaza mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Kwa nyuki, idadi hiyo itakuwa na maana iwapo miche ya kiasili itapewa nafasi, na miti mikongwe yenye mivungu itaachwa isimame. Mche wa leo utahitaji miaka mingi kabla ya kuchanua, na miongo mingi zaidi kabla ya kuwa nyumba ya nyuki.