Redio ya ridhaa: uanzie wapi, ununue nini, uifunge vipi

Mnara wa simu ukizimika, kijiji kizima hunyamaza kwa pamoja. Redio ya ridhaa haitegemei mnara: sauti hutoka kwenye antena yako na kufika moja kwa moja kwenye antena ya mwenzako. Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman nchini India na simu kukatika, waendeshaji wa redio za ridhaa waliokuwa huko walisaidia kupeleka bara habari za walionusurika.

Wasikilizaji wengi hutamani redio ya namna hii, lakini huanza kwa kununua. Makala haya yanaeleza kwa nini kununua ni hatua ya tatu, si ya kwanza.

Ni redio ya namna gani?

Inafanana na simu ya upepo ya polisi au ya hospitali: unabonyeza kitufe unasema, unakiachia unasikiliza. Tofauti ni kwamba inaendeshwa na mtu binafsi kwa kujifunza na kuzungumza na wenzake, kwenye masafa yaliyotengwa kwa kazi hiyo. Hairuhusiwi kufanyia biashara, wala kupiga muziki kama kituo cha FM.

Kila mwenye leseni hupewa alama ya mwito, ambayo ndiyo jina lake hewani. Za Tanzania huanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U na Kongo 9Q.

Hatua ya kwanza: sikiliza

Kusikiliza hakumsumbui mtu, na kutakuonyesha kama jambo hili linakufaa. Ukiwa na bando, fungua kwenye simu yako redio ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, iitwayo WebSDR. Imekuwapo tangu 2008 na haina malipo. Utasikia yanayofika Ulaya, si kijijini kwako, lakini utazoea namna wanavyoitana.

Ukitaka kusikiliza kwa redio yako ya masafa mafupi, tafuta kati ya megahezi 7.0 na 7.2, jirani na mita bendi 41 mnayoijua. Sauti ikisikika kama bata, redio haijaharibika. Wanatumia mfumo wa SSB, na redio isiyo na kitufe cha SSB haiwezi kuinyoosha sauti hiyo.

Hatua ya pili: leseni

Redio nyingi za mkononi za bei nafuu hurusha kuanzia megahezi 136 hadi 174. Ndani ya nafasi hiyo kuna pia masafa ya meli na ya vikosi vya usalama. Megahezi 156.8, kwa mfano, ni chaneli 16 ambayo vyombo vya baharini huitumia kuomba msaada. Mtu anayebonyeza kitufe kwa kujaribu anaweza kumfunika mvuvi anayezama, naye asijue.

Ndiyo maana kurusha kunahitaji leseni. Tanzania inatolewa na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda na Tume ya Mawasiliano. Waulize masharti, ada, na kama unahitaji kibali cha kuagiza redio yenyewe. Uliza kabla ya kulipa muuzaji.

Hatua ya tatu: redio ipi?

Jiulize kwanza unataka kuzungumza na nani.

*Redio ya mkononi*, ya megahezi 144 hadi 146, ina nguvu ya wati 5 hivi. Mawimbi yake huenda mbele kama mwanga wa tochi, hivyo mlima huyazuia. Watu wawili waliosimama kwenye uwanda wasitarajie zaidi ya kilomita 10, na penye miti ni pungufu. Mmoja akipanda kilimani, umbali huongezeka sana. Inafaa kama mwenzako yuko kata ya jirani.

*Redio ya masafa mafupi* ni ghali zaidi, lakini mawimbi yake hupanda juu, yakarudishwa na tabaka la anga na kutua mbali. Kwenye megahezi 7, mchana unaweza kufika mikoa ya jirani, na usiku mbali zaidi. Kwenye megahezi 14, mchana unaweza kufika mabara mengine. Kama hakuna mwenye leseni karibu nawe, hii ndiyo itakayokupa mtu wa kuzungumza naye. Iliyotumika si mbaya, mradi uione ikipokea na kurusha kabla ya kulipa.

Antena: waya wa mita 20

Usimalize fedha zote kwenye redio. Antena nzuri ya megahezi 7 ni waya wa shaba uliokatwa vipande viwili vya mita 10 hivi kila kimoja. Anza na mita 10.3, maana kukata ni rahisi kuliko kuunga.

Katikati, tenganisha vipande kwa kipande cha plastiki. Tumia kebo ya antena ya ohm 50. Ile ya televisheni ni ya ohm 75. Waya wa ndani wa kebo uunge na kipande kimoja, na wavu wa nje uunge na kingine. Funga ncha kwa kamba ya nailoni na uinue waya mita 7 hadi 10.

Kisha pima kwa kipimo cha SWR, ukirusha kwa nguvu ndogo. Kikisoma chini ya 2 ni vizuri. Kikisoma vizuri zaidi upande wa chini ya megahezi 7, waya ni mrefu: punguza pande zote mbili sawasawa.

Mambo matatu usiyasahau:

- Nguzo isimame mahali ambapo hata ikianguka haitagusa waya wa umeme.
- Mawingu ya radi yakionekana, chomoa kebo na uitoe nje ya nyumba.
- Usirushe kamwe bila antena, utaunguza redio.

Umeme

Redio ya wati 100 hutumia volti 13.8, na ikirusha huvuta hadi ampea 20 hivi. Betri ya sola ya volti 12 inaweza kuiendesha, ila waya mwembamba wa taa hautafaa: volti hushuka na redio hujizima katikati ya neno. Tumia waya mnene na mfupi, weka fyuzi karibu na betri, na upunguze nguvu. Wati 20 zinatosha kwa mazungumzo mengi.

Siku ya kwanza hewani

Chagua LSB kwenye megahezi 7, au USB kwenye megahezi 14. Sikiliza kwanza, kisha uliza kama masafa yanatumika. Kukiwa kimya, sema "CQ" mara tatu na alama yako ya mwito, halafu achia kitufe usubiri. Asipojibu mtu, rudia baada ya muda.

Ukishapata mwenzako wa kudumu, pangeni siku na saa ya kusikilizana kila wiki. Siku mnara utakapozimika, mtakuwa mmeshajua pa kukutana.