Mdudu Aliyeitwa Scania

Wakulima wa Tabora walimwita Scania, kama lile lori la mizigo. Mdudu mwenyewe ni mweusi, mfupi kuliko punje ya mchele, milimita 3 hadi 4 na kidogo. Kumpa jina la lori la tani kadhaa ni utani, lakini ni utani wa watu waliokuwa wamefungua vihenge vyao na kukuta unga mahali walipoweka mahindi. Serikalini na vitabuni alipata jina jingine, dumuzi, na hilo ndilo lililosambaa. Taarifa za kuwapo kwake Tabora ziliandikwa mwaka 1981, na ndizo za kwanza kumhusu katika Afrika nzima.

Fukusi tulikuwa naye tangu zamani. Bibi zetu walimjua, wakapepeta, wakaanika, wakala kilichobaki. Dumuzi ni habari nyingine. Kwa asili ni mtoboa miti, na meno yaliyoumbwa kwa ajili ya mbao hayaoni taabu kwenye punje. Hutoboa mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, hutoboa makopa ya muhogo, hutoboa hata nguzo za kihenge kilichomhifadhi. Watafiti waliopima maghala ya wakulima wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta baadhi yao wamepoteza karibu theluthi moja ya uzito wa mahindi ndani ya miezi michache. Kwa kaya inayohesabu magunia hadi mavuno yajayo, theluthi moja ni miezi kadhaa ya kula.

Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hawezi kuruka juu ya Atlantiki, kwa hiyo aliletwa. Maelezo ambayo wataalamu wengi wanayakubali ni kwamba alikuja ndani ya mahindi yaliyoagizwa au kutolewa kama msaada katika miaka ya 1970. Wazee wanaikumbuka miaka ile: ukame wa 1973 na 1974, foleni, na unga wa njano ambao watu waliuita Yanga kwa sababu ya rangi. Tabora nako kulikuwa na makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, Ulyankulu, yaliyoanzishwa mwaka 1972, na watu wale walihitaji kulishwa. Lawama isiwaendee waliokula. Mwenye njaa hachagui gunia, wala haulizi limefukizwa lini.

Swali hilo alipaswa kuuliza mtu mwingine, na karatasi ya kulijibu ilikuwepo tayari kwa karibu miaka 100.

Mwaka 1878 mambo mawili yalitokea bila kuhusiana. Marekani, daktari mmoja aliyependa wadudu, George Horn, alimwelezea kisayansi mdudu ambaye sisi tungekuja kumwita dumuzi. Na mjini Bern, Uswisi, wajumbe wa serikali kadhaa za Ulaya walitia saini mkataba dhidi ya filoksera, mdudu mdogo wa Marekani aliyekuwa anaua mizabibu yao. Ufaransa ilikuwa imepoteza mashamba ya mvinyo kwa maelfu ya hekta. Walichokubaliana Bern, na kukirekebisha mwaka 1881, kilikuwa kitu kipya katika biashara: mimea isivuke mpaka bila tamko la mtumaji na uthibitisho wa mamlaka ya nchi inakotoka. Hapo ndipo unapoanza ukoo wa vyeti vyote ambavyo leo wakala wa forodha pale Bandari ya Dar es Salaam anavibeba kwenye faili lake.

Ukoo huo ulikua taratibu. Mwaka 1951, chini ya FAO, ulipitishwa Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea, na ndani yake kukawa na kielelezo cha cheti cha afya ya mimea ambacho nchi zote zingekifuata. Ukikisoma, ni karatasi kavu kabisa: mtumaji, mpokeaji, idadi ya vifurushi, mahali mzigo ulikotoka. Sehemu inayonivutia ni ile ya matibabu. Inauliza tarehe, dawa iliyotumika, kiasi chake, muda na joto. Hapo ndipo kinapoingia cheti cha pili, cha ufukizaji, kinachotolewa na aliyefukiza: kampuni iliyofunika shehena kwa turubai, ikaweka vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini, ikaziba kingo kwa mifuko ya mchanga, ikasubiri siku kadhaa, kisha ikapima hewa kabla ya kuruhusu watu kuingia. Wanafunzi wenzangu wanachanganya vyeti hivi viwili, na si wao tu. Cha kwanza ni neno la serikali kwa serikali. Siku hizi kwetu kinatolewa na TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Cha pili ni neno la fundi kuhusu kazi ya mikono yake.

Cheti cha ufukizaji hakisemi kwamba mzigo hauna mdudu. Kinasema kwamba siku fulani, gesi fulani ilikaa humo kwa saa fulani. Kama turubai lilikuwa na tundu, saa zile zile zitaandikwa. Na gesi haibaki: ikishatoka, gunia halina kinga yoyote. Linaweza kushambuliwa upya likiwa bandarini, kwenye behewa, au katika ghala la mkoa lenye makombo ya msimu uliopita. Kwa hiyo hata kama mahindi yaliyomleta dumuzi yalikuwa na kila mhuri, mihuri ile ilizungumzia jana yake. Mapokezi ya huku yalikuwa yanakimbizana na njaa, na mwaka wa njaa ukaguzi huwa ndiyo foleni ya kwanza kufupishwa.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nisiridhike na historia hii inavyosimuliwa, kana kwamba ni historia ya ngao tu. Mara dumuzi alipojulikana yuko Tabora, Tanzania ikageuka kutoka mpokeaji kuwa mtuhumiwa. Kenya ilimwona Taveta mwaka 1983, Burundi mwaka 1984, na mwaka huo huo akaonekana Togo, upande wa pili wa bara. Nchi ambazo bado hazikuwa naye zikawa na kila haki ya kuyatilia shaka mahindi yetu na kudai ufukizaji na karatasi. Gharama ya turubai, vidonge, mkaguzi na siku za kusubiri ikaangukia kwa muuzaji wa Tanzania, na yeye akaishusha kwenye bei aliyomlipa mkulima. Mkulima yule yule aliyepewa mdudu bila cheti sasa alitakiwa kuonyesha cheti kwamba hana mdudu.

Linganisha na kisa cha New York. Mwaka 1996 mbawakawa mkubwa wa Asia mwenye papasi ndefu aligunduliwa Brooklyn, ndani ya miti ya mitaani. Miaka miwili baadaye akaonekana Chicago. Alikuwa amesafiri ndani ya mbao za kufungashia mizigo kutoka China. Kufikia mwisho wa mwaka 1998 Marekani ilikuwa imeweka masharti kwa mbao hizo, na mwaka 2002 dunia ilikuwa na kiwango kimoja, ISPM 15. Kama umewahi kukaa kwenye kochi la paleti katika mgahawa wa vijana, chungulia ubavuni: utaona alama ya suke la ngano, herufi za nchi, na HT, maana yake mbao ilipashwa joto hadi nyuzi 56 kwenye kitovu kwa dakika 30, au MB, maana yake ilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi ambayo dunia imeizuia kwa matumizi mengi kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, ila ikaachwa kwa kazi hii ya karantini. Si mbawakawa huyo peke yake aliyeleta kiwango hicho, lakini alikuwa miongoni mwa walioharakisha. Miaka 6 tangu mti wa Brooklyn hadi mhuri wa dunia nzima. Dumuzi, aliyekula chakula chenyewe, hakuna mhuri uliozaliwa kwa ajili yake.

Kilichozaliwa ni kazi zaidi nyumbani. Desturi ilikuwa kuhifadhi mahindi kwenye magunzi, mara nyingine na maganda yake, darini juu ya moshi wa jiko. Dumuzi hupenda gunzi kwa sababu punje zimeshikamana na anapata pa kuegemea anapotoboa. Wataalamu wakashauri mahindi yapukuchuliwe mapema, yachanganywe na dawa ya unga, yatiwe kwenye magunia. Dawa ya zamani ya fukusi haikumtosha, ikabidi ziunganishwe mbili katika pakiti moja, na ndiyo Actellic Super iliyouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ushauri ulikuwa sahihi. Pia ulimaanisha kupukuchua mavuno yote kwa wakati mmoja, badala ya kupukuchua ya kula jioni hiyo, na kununua kila mwaka kitu ambacho kihenge cha babu hakikukihitaji.

Halafu kuna mdudu wa pili. Watafiti walirudi Amerika ya Kati kumtafuta adui wa asili wa dumuzi, wakampata mbawakawa mdogo anayekula viluwiluwi vyake, *Teretrius nigrescens*. Huyu hakuingia kwa magendo. Alifugwa maabara, akachunguzwa kama angegeukia vitu vingine, akasubiri ruhusa, ndipo akaachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Amesaidia zaidi porini, ambako dumuzi huishi ndani ya miti mikavu, kuliko ghalani. Ghalani, msimu wa mavuno ukifika, watu bado wanahesabu pakiti za dawa pamoja na magunia.