Umenunua Nini? Dalali na Ardhi ya Pwani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kijana mmoja niliyemsomesha chuoni tangu alif alikwenda Arabuni, akafanya kazi miaka kadha, akarudi na akiba yake. Dalali akamchukua mpaka Majengo, Mombasa, akamwonyesha nyumba nzuri ya mabati na karatasi yenye muhuri. Pesa zikahesabiwa, mikono ikapeanwa. Mwezi wa tatu akaja bwana mmoja kupiga hodi, akitaka kodi ya ardhi. Kijana akanijia barazani, uso umemshuka. "Maalim, kwani mimi nimenunua nini?"

Ndugu msomaji, dalali wa pwani ndiye aliyepaswa kuwa na jawabu la swali hilo kabla ya kufungua kinywa chake. Na jawabu hilo halipatikani kwa kutazama muhuri peke yake. Sharti mtu ajue tarikhi ya ardhi yetu.

Kwa mkataba wa tarehe 14 Disemba 1895, Sultani wa Unguja aliwaachia Waingereza kazi ya kutawala ukanda wake wa pwani, ule unaoitwa wa maili kumi, na bendera yake ikabaki ikipepea. Wakati huo mtu alijulikana kuwa ana shamba kwa kulilima, kwa kurithi, kwa mashahidi wa mtaani, au kwa hati ya Kiarabu iliyoandikwa mbele ya kadhi. Mwaka 1908 ikatoka sheria mpya ya hati za ardhi. Kila mwenye madai alitakiwa aende kwa msajili akaeleze na kuthibitisha. Aliyethibitisha alipewa cheti, na vyeti vyenyewe vilikuwa vya namna tatu: cha umilki, cha rehani, na cha haki nyingine iliyomo katika ardhi. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ni ya Serikali.

Hapa ndipo pana uchungu ambao haujesha hata leo. Waliojua kusoma na kuandika, na waliokuwa karibu na mji, walikwenda kudai. Wengi katika ndugu zetu Wamijikenda, na wengineo waliolima ardhi ya pamoja pasi na karatasi, hawakupata kitu. Wajukuu zao wakaitwa maskwota pale pale walipozikwa babu zao. Kisha mwezi wa Oktoba 1963, ukanda ulipokuwa ukiunganishwa na Kenya, Mzee Jomo Kenyatta alimwandikia Sheikh Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Unguja, kumhakikishia mambo kadha: mahakama za kadhi zitabaki, na hati za umilki zilizokwisha kuandikishwa pwani zitatambuliwa. Basi mwenye cheti akatulia, na asiye nacho akabaki vile vile. Dalali anayekwambia shamba fulani "ni tupu, halina mtu" na huku unaona minazi na moshi wa jikoni, muulize minazi hiyo ilijipanda yenyewe? Na ajue kuwa sheria ya Kenya humpa njia ya kudai umilki mtu aliyekaa wazi katika ardhi ya mtu binafsi miaka 12 bila ya idhini ya mwenyewe.

Turejee kwa kijana wetu. Mwenyeji wa Mombasa hashangai kusikia nyumba isiyo na ardhi. Kwa Waingereza, kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Kwetu sisi mtu hukodi kiwanja, akajenga kwa mali yake, akalipa kodi ya ardhi kila mwezi. Kuta na paa ni zake, huuza na kurithiwa, na mchanga ulio chini ni wa mwingine. Na minazi kadhalika, huenda ikawa ya huyu katika shamba la yule. Wanavyuoni wetu wa Kishafii hawaoni taabu kukodisha ardhi ajengewe mtu. Taabu ni ya dalali aliyesema "nyumba" akaacha mnunuzi aelewe "nyumba na kiwanja". Huko ni kuficha aibu ya kitu kinachouzwa, na kwa fiqhi mnunuzi ana khiari ya kukirudisha.

Nami nilipomuuliza kijana zaidi, jambo la pili likatoka. Nyumba ile ilikuwa ya marehemu baba yake muuzaji, naye alikuwa na dada. Hesabu ya Suratun Nisaa haina fumbo hapo: mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Kaka aliuza nyumba nzima, lakini kilicho chake ni thuluthi mbili tu, na kwa fungu la dada hakuwa na wakala. Dalali hakuuliza warithi ni nani. Alisema kwamba funguo alikuwa nazo kaka!

Na lau nyumba ile ingalikuwa na kiwanja chake, dada angaliweza hata kudai shufaa, yaani kulitwaa fungu la nduguye kwa bei ile ile aliyolipa mgeni. Kwa Mashafii haki hiyo ni ya mshirika katika ardhi, si ya jirani, wala haimo katika jengo lililokosa ardhi.

Wakfu nao una kisa chake. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimtaka shauri Mtume (S.A.W.), akaifunga: haiuzwi, haitolewi, hairithiwi, na pato lake liende katika kheri. Wazee wetu wengi walifunga nyumba na mashamba kwa ajili ya vizazi vyao, na mwisho maskini. Mwaka 1894 majaji wa London, katika kesi iliyotoka Bengal, waliamua kuwa wakfu wa namna hiyo si sahihi, eti sehemu ya maskini iko mbali mno. Majaji wa Kiingereza wakawafundisha Waislamu wakfu! Bara Hindi walirekebisha kwa sheria ya 1913. Kenya ikangoja hadi sheria ya Wakfu ya 1951. Dalali akiona jina la wakfu katika daftari, asipige bei, aende kwanza kwa Tume ya Wakfu.

Tangu 1984 Kenya ina sheria inayomtaka wakala wa nyumba na ardhi awe ameandikishwa. Na Qays bin Abi Gharaza amesimulia kwamba wao Madina walikuwa wakiitwa masimsari, ndio madalali, mpaka Mtume (S.A.W.) alipowapa jina zuri zaidi, wafanyabiashara, akawaambia kuwa uuzaji huingiwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi wauchanganye na sadaka.

Yule kijana alikwenda kwa kadhi, mirathi ikagawanywa. Dada akakubali kuuza fungu lake, kaka akarudisha thuluthi ya bei kwa mafungu mafungu. Dalali hakurudisha ujira wake. Kodi ya ardhi kijana huilipa mpaka leo, kila tarehe moja, na risiti huziweka ndani ya msahafu wake wa chuoni.