Malimbuko ya Rwanda: Historia ya Umuganura

Umuganura ni sikukuu ya malimbuko ya Wanyarwanda. Zamani ndiyo iliyokuwa siku ya kushukuru kwa mavuno, kuanzia kwa mwami, yaani mfalme, hadi kwenye jiko la mkulima wa kawaida, na tangu 2011 imekuwa tena sikukuu ya taifa inayoangukia Ijumaa ya kwanza ya mwezi Agosti. Katika historia yake yote shukrani haikuachwa iwe jambo la moyoni tu. Ilikuwa kazi yenye msimu wake, watu wake na utaratibu wake, na aliyeshukuru alishukuru kwa kugawa alichovuna.

Masimulizi ya wenyeji yanampa Gihanga, anayetajwa kuwa mwasisi wa ufalme, heshima ya kuianzisha. Yanaendelea kusema kwamba desturi hiyo ilikatika nchi ilipotekwa na majirani kwa miaka 11, na ikarudishwa na Ruganzu II Ndori alipotoka uhamishoni na kuikomboa. Hakuna maandishi ya enzi hizo ya kupimia tarehe. Hata hivyo masimulizi yenyewe yana uzito, kwa sababu yanaonyesha Wanyarwanda walivyoielewa sikukuu yao: nchi isiyo huru haina malimbuko, na nchi ikirudi, jambo la kwanza ni kuketi na kushukuru pamoja.

Nafaka za sherehe zilikuwa mbili, mtama na ulezi. Mtama wa Rwanda hupandwa kuelekea mwisho wa mwaka au mwanzoni mwa mwaka mpya, hukua kwa mvua kubwa za itumba kati ya Machi na Mei, na huvunwa mvua zikishakoma, katika kiangazi kirefu kiitwacho impeshyi. Huo ndio wakati ghala zinapojaa na njia za milimani zinapokauka, watu wakaweza kutembeleana bila kuzama kwenye matope. Nyuma yake kuna miezi ya kubana matumizi, akiba ya zamani ikiwa imekwisha na mazao mapya hayajakomaa. Furaha ya malimbuko ilitoka moja kwa moja katika kumbukumbu ya miezi hiyo.

Kwa mwami, sherehe iliongozwa na ubwiru, yaani kanuni za siri za ufalme zilizotunzwa na wazee waitwao abiru. Kanuni hizo ziligawanywa katika njia mbalimbali, kila njia na jambo lake: kumtawaza mwami, kuomba mvua, kuzuia maradhi ya mifugo, kwenda vitani. Njia ya Umuganura ilikuwa mojawapo. Abiru walizihifadhi kichwani neno kwa neno, wakazirithisha katika familia zao. Malimbuko yalikuwa dhamana ya ukoo wa Abatsobe. Mbegu zilipandwa katika mashamba maalumu ya Bumbogo, upande wa Huro, eneo ambalo leo limo katika wilaya ya Gakenke kaskazini mwa nchi. Mavuno yalipokomaa, yalitiwa katika makapu, yakapelekwa kwa msafara hadi kwa mwami, akayapokea pamoja na mama yake, umugabekazi, aliyekuwa mshirika wake katika utawala. Ulezi ulisagwa na kusongwa ugali, mtama ukatengenezwa pombe. Mwami alionja kwanza, kisha nchi ikala.

Utaratibu huo ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulimkuza mwami, maana hakuna aliyefungua mavuno kabla yake. Upande wa pili ulimfunga. Mtu aliyekuwa juu ya wote alilazimika, kila mwaka na mbele ya watu, kupokea chakula kilicholimwa na mikono ya wengine na kukiri kwamba ufalme wake unakaa juu ya jembe. Wanaoeleza Umuganura kuwa sherehe ya utii peke yake wanauacha upande huu wa pili, nao ndio uliobaki hai wakati wafalme wenyewe walipokwisha.

Baada ya ikulu ilifuata zamu ya nyumba. Hapa sherehe ilikuwa ndogo, lakini utaratibu ulikuwa uleule. Mama wa nyumba alisaga ulezi mpya juu ya jiwe, akausonga ugali mweusi mgumu wa kushika mkononi. Wazazi walimega kwanza, kisha watoto kwa mpangilio wao. Watoto wa kike walioolewa na watoto wa kiume waliokwisha jenga kwao walikumbukwa. Kapu lilitumwa au wao wenyewe walikuja. Mzee alieleza mwaka ulivyokwenda: shamba lipi lilizaa, lipi lilikufa, nani aliugua, nani alizaliwa. Palikuwa na wajibu uliobeba uzito kuliko yote haya. Jirani ambaye shamba lake lilishindwa hakuachwa aitazame sherehe kutoka mbali. Aliitwa aonje, na alipoondoka alipewa mbegu au nafaka ya kumvusha hadi msimu mwingine. Mlalamikaji wa mwaka huo alijibiwa kwa kapu badala ya mawaidha.

Haitakuwa haki kuieleza Rwanda ya kale kana kwamba shukrani zake zote zilikuwa za hiari. Palikuwa pia na ubuhake, mfumo ambao mtu alipewa ng'ombe na mkubwa kisha akawajibika kumtumikia na kumshukuru kwa muda usio na mwisho. Deni hilo la shukrani lilikuwa nira, na Mwami Mutara III Rudahigwa aliufuta mfumo huo mwaka 1954. Tofauti kati ya ubuhake na malimbuko ya nyumbani ni kubwa. Katika ubuhake shukrani ilipanda kutoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye mali. Katika malimbuko mwenye kuvuna ndiye aliyeshukuru, na shukrani yake ikamshukia aliyekosa.

Pigo kubwa lilikuja wakati wa ukoloni. Wamisionari walifungua misheni yao ya kwanza Save mwaka 1900, chini ya utawala wa Wajerumani. Wabelgiji waliichukua nchi mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, na hawakupendezwa na mamlaka waliyokuwa nayo abiru, kwa kuwa yalikuwa mamlaka yasiyotegemea ofisi zao. Mwaka 1925 walipiga marufuku Umuganura wa ikulu na kumhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa abiru kutoka Abatsobe. Kwa amri moja sherehe ilipoteza kiongozi wake na mahali pake. Yuhi V Musinga, mwami wa wakati huo aliyekataa kubatizwa, aliondolewa madarakani mwaka 1931. Mwanawe Mutara III alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 aliiweka nchi chini ya Kristo Mfalme.

Kilichoiokoa njia ya Umuganura isipotee kabisa ni kalamu. Mwaka 1945 padri na mwanahistoria Alexis Kagame, kwa ruhusa ya mwami, alianza kuandika maneno ya ubwiru kutoka vinywani mwa abiru waliobaki. Matini zenyewe zilichapishwa mwaka 1964 na Marcel d'Hertefelt na André Coupez, na wakati huo ufalme ulikuwa umekwisha futwa, mwaka 1961. Bila kazi hiyo, mengi ya yanayojulikana leo kuhusu Bumbogo na makapu yake yangezikwa pamoja na wazee wenyewe.

Burundi nayo ilikuwa na sikukuu ya jina linalokaribiana, umuganuro, ila yenyewe ilihusu kupanda. Kila mwaka, karibu na Desemba, mwami wa Burundi alibariki mbegu za mtama, na ngoma za kifalme zikapigwa kutangaza kwamba msimu umefunguliwa. Sherehe ya mwisho ya aina hiyo ilifanyika mwaka 1929. Ngoma zilibaki, na mwaka 2014 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, lakini mbegu zilizokuwa sababu ya ngoma hizo kulia hazikurudi ikulu.

Nchini Rwanda, kati ya 1925 na 2011, malimbuko yaliishi majumbani. Hakukuwa na siku maalumu wala msafara. Palikuwa na familia iliyovuna, ikasonga ugali, ikaita majirani. Sherehe iliyonyang'anywa jukwaa ilidumu kwa sababu haikuwa imewahi kulitegemea. Jiko la mama na kapu la jirani havikuhitaji idhini ya mtawala.

Serikali iliporudisha sikukuu mwaka 2011, nchi ilikuwa imepitia mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, na familia nyingi zilikuwa zimepoteza hao wazee ambao zamani walimega wa kwanza. Ndiyo sababu sherehe mpya ilipewa mzigo mpana zaidi wa kuwakutanisha watu. Siku hizi makapu huwekwa mbele ya umma yakiwa na mazao ya kila aina, ngoma huchezwa, na wakubwa huwanywesha watoto maziwa kutoka katika vyombo vya mti. Mavuno yanayoshukuriwa si ya shamba tu: shule, barabara, zahanati na matokeo ya kazi za wilaya huhesabiwa pia, sambamba na imihigo, yaani ahadi za utendaji ambazo viongozi wamekuwa wakizitia saini tangu 2006. Hapo pana faida na pana hatari. Kiongozi anayesimama kueleza alichovuna anajifunga, kama mwami alivyofungwa. Lakini mwananchi akiombwa kushukuru tu, bila kusema kilichokufa shambani, nusu ya desturi inakuwa imeachwa.

Roho ya zamani inaonekana vizuri zaidi katika Girinka, mpango ulioanza 2006 wa kuipa kila familia maskini ng'ombe. Familia hailipi fedha. Ng'ombe anapozaa ndama jike wa kwanza, ndama huyo hupewa jirani mwingine asiye na kitu, na tendo hilo huitwa kwitura. Anayepokea leo ndiye atakayetoa kesho, na shukrani haimrudii aliyetoa mwanzo, bali husonga mbele kwa mtu wa tatu.

Mwaka 2020, korona ilipozuia mikusanyiko, Umuganura uliadhimishwa tena ndani ya familia, kama katika miaka ile ya marufuku. Badiliko jingine limekuja polepole kupitia mashamba yenyewe. Mpango wa kuongeza mazao ulioanza 2007 umeyapa kipaumbele mahindi, ngano, mchele, viazi, maharage na mihogo. Mtama na ulezi havimo katika orodha hiyo, na katika maeneo mengi vimeachia nafasi mahindi. Familia zinazotaka kuonja nafaka za wahenga wao mwezi Agosti mara nyingi huzinunua sokoni, na kapu la jirani siku hizi hubeba viazi na mahindi.